Maktaba Ipo, Programu Haiioni

Umeandika programu yako ya C, umeikompaili, kompaila haikulalamika hata kidogo. Unaiendesha, na terminali inakujibu hivi:

./hesabu: error while loading shared libraries: libgsl.so.27: cannot open shared object file: No such file or directory

Wakifika hapa, wengine hurudi kwenye msimbo wao kuusoma mstari kwa mstari, na wengine hukimbilia kusakinisha upya kila kitu wanachokikumbuka. Wote wanajichosha bure. Tatizo hili halitoki kwenye msimbo. Ungekuwa na kosa la uandishi, kompaila ingekwambia mapema. Na maktaba yenyewe, mara nyingi kuliko unavyodhani, iko hapo hapo kwenye diski. Usome ule ujumbe polepole: haujasema maktaba haipo kwenye kompyuta yako. Umesema kwamba aliyekwenda kuitafuta hakuikuta katika sehemu alizoagizwa kuangalia. Ukilishika hilo, swali lako halitakuwa tena "nisakinishe nini?" bali "alitafuta wapi?", na hilo lina jibu la wazi.

Anayetafuta ni kipakizi, programu ndogo ambayo kwenye Linux ya kawaida ya biti 64 inakaa /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Faili lako la hesabu halina ndani yake kazi zote za GSL, ile maktaba ya hesabu za kisayansi ya mradi wa GNU. Lina majina tu ya maktaba linazozihitaji. Kila unapoliendesha, kipakizi huyasoma majina hayo, hutafuta faili moja moja, huyapandisha yote kwenye kumbukumbu, kisha ndipo programu yako huanza. Likikosekana moja, safari inakufa kabla mstari wa kwanza wa main haujaguswa. Ndiyo maana hata printf uliyoiweka mwanzoni ili kujua programu imefika wapi haitoi kitu.

Kipakizi hakizunguki diski nzima. Ni kama mtu aliyetumwa sokoni na orodha ya vibanda: asipokikuta kitu kwenye vibanda hivyo atarudi mikono mitupu, hata kama kinauzwa mtaa wa pili. Orodha yenyewe ina mpangilio. Kwanza kuna njia iliyochongwa ndani ya programu yenyewe wakati wa kuikompaili, ikiwa ni ya aina ya zamani iitwayo RPATH. Halafu folda zilizotajwa kwenye LD_LIBRARY_PATH. Kisha RUNPATH, mrithi wa ile ya kwanza. Baada ya hapo kache iliyo kwenye /etc/ld.so.cache, na mwisho /lib na /usr/lib pamoja na ndugu zake za biti 64. Kompaila nayo ina orodha yake, na si ile ile. Chanzo cha mkanganyiko ni hicho: gcc huangalia /usr/local/lib bila kuambiwa, lakini kipakizi huenda kisiiangalie kabisa. Kwa hiyo kuunganisha kunafaulu, kuendesha kunagoma, na mtu anaapa kwamba kompyuta imerogwa.

Kabla ya kugusa chochote, uliza. Amri ya kwanza ni hii:

ldd ./hesabu

Kwenye orodha inayotoka utaona libm.so.6 na libc.so.6 zikiwa na mshale unaoelekea kwenye faili kamili, na mahali fulani utakuta libgsl.so.27 => not found. Angalia zote, usiishie kwenye ya kwanza. Ujumbe wa makosa hutaja maktaba moja tu, ile iliyokwamisha mwanzo, lakini ldd huonyesha zote zilizokosekana kwa mkupuo. Katika mfano wetu karibu kwa hakika libgslcblas.so.0 nayo itakuwa imekosekana, kwa kuwa hizi mbili husafiri pamoja. Tahadhari moja: usitumie ldd kwa programu uliyoipata kwa mtu usiyemwamini, maana katika hali fulani inaweza kuiendesha programu yenyewe. Kwa faili la namna hiyo tumia objdump -p na usome mistari yenye neno NEEDED. Hapo hakuna kinachoendeshwa.

Amri ya pili ni ya kulisaka faili:

find / -name 'libgsl.so*' 2>/dev/null

Jibu la amri hii ndilo linaloamua ushike njia ipi.

Tuseme umelikuta, tena kwa jina lile lile: /usr/local/lib/libgsl.so.27. Hii ndiyo hali ya mtu aliyepakua msimbo wa GSL, akafanya ./configure, make, na sudo make install. Ukirudi nyuma kwenye terminali utakuta kwamba usakinishaji ule ulichapisha maelezo marefu kuhusu mahali maktaba zilipowekwa na nini kifanyike ili zionekane. Hakuna anayeyasoma. Kwenye Ubuntu na Debian folda ya /usr/local/lib tayari imo kwenye orodha ya folda zinazosomwa kuijenga kache, ila kache haijui kwamba kuna mgeni. Dawa yake ni neno moja:

sudo ldconfig

Hakikisha kwa ldconfig -p | grep gsl. Jina likitokea, endesha programu yako, na kama hakuna kingine kilichokosekana utakuwa umemaliza. Kwenye Fedora na jamaa zake, /usr/local/lib huwa haimo kwenye orodha hiyo kwa kawaida, hivyo ldconfig peke yake haitafua dafu. Tengeneza faili ndani ya /etc/ld.so.conf.d/, liite kwa mfano local.conf, andika ndani yake mstari mmoja tu, /usr/local/lib, kisha ndipo uendeshe ldconfig. Kama find ilikuonyesha /usr/local/lib64, andika hiyo.

Sasa kuna LD_LIBRARY_PATH, ambayo ndiyo kila mtu hukimbilia kwa sababu hufanya kazi papo hapo:

LD_LIBRARY_PATH=/usr/local/lib ./hesabu

Ikiandikwa hivi, mbele ya amri moja, sina neno nayo. Ni njia nzuri ya kupima: ikiwa programu imekubali, basi umejua tatizo ni njia tu na si kitu kingine. Ninachokipinga ni kuiweka kwenye .bashrc na kuisahau. Kuanzia siku hiyo kila programu unayoifungua, hata isiyohusika, inapita kwanza kwenye folda hiyo kabla ya zile za mfumo. Siku moja utaweka humo libcurl yako mwenyewe kwa sababu ya mradi fulani, na amri nyingine kabisa itaanza kuanguka bila sababu inayoeleweka. Zaidi ya hapo, .bashrc ni ya terminali yako wewe. Programu hiyo hiyo ikipewa cron iendeshwe usiku, au ikigeuzwa kuwa huduma ya systemd, haitauona mpangilio wako, na ujumbe ule ule utarudi ukiwa umejificha kwenye kumbukumbu za seva ambazo hakuna anayezifungua. Sudo nayo huuvua. Ukisikia mtu analalamika "kwangu inaendeshwa, nikiweka sudo inakataa", muulize kuhusu LD_LIBRARY_PATH kabla ya kuuliza kingine.

Huna ruhusa za msimamizi, labda kwa sababu unatumia seva ya chuo au ya kazini? Basi ichonge njia ndani ya programu wakati wa kuunganisha:

gcc hesabu.c -o hesabu -L$HOME/lib -lgsl -lgslcblas -lm -Wl,-rpath,$HOME/lib

Ile -L ni ya kompaila, -rpath ni ya kipakizi. Watu huweka ya kwanza, wakasahau ya pili, kisha wakashangaa. Ukitaka kumpa mtu programu pamoja na maktaba zake kwenye folda moja, tumia -Wl,-rpath,'$ORIGIN/lib', na hizo alama za nukuu usiziache, la sivyo sheli italimeza neno $ORIGIN kabla halijafika linakokwenda. $ORIGIN maana yake ni mahali programu yenyewe ilipo, popote pale folda itakapohamishiwa. Na kama programu imeshakompailiwa na msimbo wake huna, kuna zana iitwayo patchelf ambayo hubadilisha njia hiyo kwenye faili lililokwisha kukamilika.

Turudi kwenye find. Huenda imekujibu, lakini kwa namba nyingine: unaombwa libgsl.so.27, ulicho nacho ni libgsl.so.23. Hapa ndipo ninapowaona watu wakifanya jambo ambalo ningependa waliache. Wanatengeneza kiungo cha ln -s chenye jina la 27 kinachoelekea kwenye faili la 23, na programu inaanza. Inaanza, ndiyo. Ile namba ya mwisho haikuwekwa kwa urembo; waandishi wa maktaba huibadilisha wanapobadilisha kitu ambacho programu za zamani hazitakielewa, pengine mpangilio wa data ndani ya kumbukumbu au idadi ya vitu ambavyo kazi fulani inapokea. Ukikidanganya kipakizi, kitakubali. Programu itaanguka baadaye katikati ya kazi, au, baya zaidi, haitaanguka bali itakupa majibu ya uongo. Kwa maktaba ya hesabu, huo ni msiba.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa OpenSSL. Toleo la 3.0 lilitoka Septemba 2021, na Ubuntu 22.04 ya mwaka uliofuata ikalichukua na kuliacha lile la 1.1. Programu chungu nzima zilizokompailiwa kabla ya hapo zikaanza kulilia libssl.so.1.1. Kiungo cha kuelekeza libssl.so.1.1 kwenye libssl.so.3 hakifai: kipakizi kitagoma kwa sababu ya matoleo ya alama zilizomo ndani, na hata kisingegoma, hizi ni maktaba mbili tofauti. Wengine hupakua kifurushi cha zamani cha 1.1 na kukisakinisha kwa nguvu, na kweli programu huendeshwa. Lakini OpenSSL 1.1.1 iliacha kupewa marekebisho ya bure ya usalama tarehe 11 Septemba 2023. Kwa programu inayofungua milango ya seva kwenye intaneti, ningetafuta toleo jipya la programu yenyewe, au ningeikompaili upya, kuliko kuishi na tundu hilo.

Sheria hii ya kutoweka kiungo cha uongo ina msamaha wake, na ni haki kuutaja. Ubuntu 24.04 iliipa libaio jina jipya, libaio.so.1t64, kutokana na kazi kubwa ya kuzihamisha kompyuta za biti 32 kwenye hesabu ya muda itakayovuka mwaka 2038. Kwenye kompyuta za biti 64 kilichomo ndani hakikubadilika kwa namna inayovunja kitu, ila jina limebadilika, na programu za mteja za Oracle zikaendelea kulidai jina la zamani, libaio.so.1. Hapo kiungo cha ln -s ni suluhisho linalokubalika. Tofauti ni kwamba anayekiweka anajua kwa nini namba ile ilibadilika.

Na kama find haikuleta kitu, basi maktaba kweli haipo. Hii ndiyo hali rahisi kuliko zote, na cha ajabu ndiyo kila mtu huidhania kwanza. Usibahatishe jina la kifurushi. Kwenye Fedora andika dnf provides '*/libgsl.so.27'. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha apt-file, fanya sudo apt-file update, kisha apt-file search libgsl.so.27, nayo itakutajia kifurushi kwa jina, kwa mfano libgsl27. Ukiona pia libgsl-dev usichanganyikiwe: chenye -dev ni cha anayekompaili, kina faili za vichwa na kiungo ambacho -lgsl hukitafuta. Anayeendesha tu anatosheka na kile kisicho na -dev. Kama hakuna kifurushi chochote kinachotoa namba unayoitaka kwenye toleo lako la Linux, usianze kuchota vifurushi vya matoleo mengine kimoja kimoja. Kompaili programu upya hapo ulipo, itajiunganisha na maktaba zilizopo.

Kwenye kontena hali hii ni ya kila siku, kwa sababu taswira za kontena hupunguzwa hadi kubaki mifupa. Aliyewahi kuweka OpenCV ya Python kwenye kontena la Debian atakuwa amekutana na libGL.so.1. Msimbo wa picha unadai maktaba ya michoro ya skrini kwenye mashine isiyo na skrini. Sakinisha libgl1, au bora zaidi, chukua kifurushi cha opencv-python-headless ambacho hakiihitaji kabisa.

Kuna ujumbe mmoja unaofanana na wetu lakini ni mnyama mwingine. Unaandika ./hesabu, faili unaliona kwa ls, lina ruhusa zote, na bado, hasa kwenye bash za zamani, unajibiwa No such file or directory bila jina la maktaba yoyote. Kisichoonekana hapo ni kipakizi chenyewe. Andika file ./hesabu na usome palipoandikwa interpreter. Ukikuta /lib/ld-linux.so.2, programu ni ya biti 32 na mfumo wako ni wa biti 64 mtupu. Kwenye Debian na Ubuntu utahitaji dpkg --add-architecture i386, apt update, kisha libc6:i386. Ukikuta /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 na uko ndani ya Alpine, umeleta programu ya glibc, maktaba ya C ya GNU, kwenye mfumo unaotumia musl, maktaba nyingine ya C. Kuna viraka vya kuziba hapo, ila mimi ningeikompaili ndani ya Alpine au ningebadilisha taswira ya kontena na kuchukua ya Debian.

Mwisho wa ujumbe nao una maana yake. Permission denied mahali pa No such file inakwambia maktaba imeonekana ila mtumiaji hana haki ya kuisoma, jambo linalotokea mtu anapokompaili ndani ya /root. Wrong ELF class: ELFCLASS32 inakwambia kilichopatikana ni cha biti zisizo zako. Ukishindwa kabisa kuelewa kipakizi kimepita wapi, kiache kikusimulie chenyewe:

LD_DEBUG=libs ./hesabu 2>&1 | less

Kitaandika kila folda kilichoingia na kila faili kilichojaribu. Ni maandishi mengi, lakini ukitafuta jina la maktaba yako ndani yake utaiona njia nzima. Ni hapo utakapogundua, kwa mfano, kwamba maktaba uliyoichongea njia kwa RUNPATH imepatikana, lakini maktaba ambayo hiyo inaitegemea haikupatikana, kwa sababu RUNPATH ya programu yako haiwasaidii wajukuu.

Wanaopeleka programu kwenye kompyuta za wengine watakutana na kilio kingine: version `GLIBC_2.34' not found. Hapa libc ipo, ila ni kuukuu. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, 20.04 ina 2.31, na kwa kuwa toleo la 2.34 lilibadilisha hata jinsi programu inavyoanzishwa, kile kiprogramu cha kusalimia dunia kilichokompailiwa kwenye 22.04 kitakataliwa na 20.04. Tafadhali usijaribu kubadilisha libc.so.6 kwa mkono. Amri za ls, cp na sudo zote zinaitegemea. Ukiiharibu hutakuwa na chombo cha kuirudisha. Kompaili kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unaotarajia kuuhudumia. Programu iliyojengwa kwa glibc ya zamani huendeshwa kwenye mpya, kinyume chake sivyo.

Kwa wa Windows maneno ni machache. Mwanafunzi anakompaili kwa MinGW ndani ya Code::Blocks, anamtumia mwenzake faili la .exe kwa WhatsApp au flashi, na mwenzake anaambiwa libstdc++-6.dll haipo. Ongeza -static wakati wa kuunganisha, faili litakuwa kubwa kidogo na tatizo litaisha. Ikiwa kinachokosekana ni VCRUNTIME140.dll, sakinisha Visual C++ Redistributable kutoka Microsoft wenyewe. Zile tovuti zinazogawa faili moja moja za .dll bure, ziepuke kama ukoma: hujui ni nani aliyeligusa faili hilo kabla yako, na Windows italipakia ndani ya programu yako bila kukuuliza.

Kabla hujamkabidhi mtu programu, ijaribu mahali ambapo hapana kitu chochote ulichokisakinisha wewe. Mashine yako imejaa maktaba ulizoziweka ukazisahau, kwa hiyo ushahidi wake haufai. Kama una Docker, amri hii inatosha:

docker run --rm -v "$PWD":/kazi debian:12 ldd /kazi/hesabu

Kila mstari utakaotoka na not found ni kitu cha kukitaja kwenye maelezo ya usakinishaji, au cha kukifungasha pamoja na programu.